Stima Safi kwa Wimbo wa Nne

Jumamosi, 26 Julai

Imekwama tena. Pale pale, wimbo wa nne, fidla ikishaanza tu. Krr, krr, kimya. Nimeitoa CD, nimeipangusa kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje, nimeirudisha. Krr. Nimezima mashine kabla sijaitupa ukutani.

Mashine nimeiunda mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumtukana. Kichwa cha kusomea nilikitoa kwenye redio iliyokufa, bodi kwenye redio nyingine, sanduku ni mbao za kitanda cha zamani. Kazi yake moja tu: kuisoma CD na kupeleka tarakimu kwenye kisanduku cha pili, ambacho ndicho kinachozigeuza kuwa sauti. Nyimbo tatu za mwanzo inazisoma vizuri kabisa. Wa nne uko karibu na ukingo wa CD. Huo unaishinda.

Leo nimeweka mita kwenye nyaya nikatazama. Ugonjwa nimeuona. Kila kitu humo ndani kinakula sahani moja, kipawasaplai kidogo cha plastiki cha kugawa umeme, nilichokitoa kwenye dikoda ya televisheni. Mota ikivuta, volti zinaanguka, na leza inapepesa wakati ule ule inapotakiwa kukaza macho. CD nzima ingevumilia. Hii si nzima. Utando wake wa fedha umeanza kubanduka ukingoni kwa unyevu na chumvi ya huku kwetu Kisauni.

Dawa ni kutenganisha. Mota ile kwenye sahani yake, leza na bodi zile kwenye yao. Transfoma mbili za chuma, nzito, za kizamani, zenye kapasita kubwa nyuma yake. Stima safi, umeme usioyumba.

Mambo yote haya hedifoni masikioni. Mama yuko eda chumba cha ndani. Tangu Baba afariki, siku chache baada ya Idi ndogo, nyumba hii haijapigwa muziki.

Nimeungua kidole cha shahada. Kinafukuta uchungu hata nikiandika.

Jumapili, 27 Julai

Situlii. Nimefua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Ni lile neno la Mama. Wiki iliyopita nilimpelekea uji, akaupokea, hakunywa. Akatazama bakuli. Akasema, "Salma, nimeanza kuisahau sauti yake."

Hakulia. Alilisema kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha. Ndiyo maana limenikaa.

Maana hakuna mahali pengine pa kuitafuta. Baba alipigwa na kiharusi miaka mingi kabla ya kufa, na kiharusi kilichukua ulimi kwanza. Tangu siku ile alikuwa akitazama, akikunja uso, akigonga meza. Simu za kurekodi zilipojaa mikononi mwa watu yeye tayari hakuwa na neno la kurekodiwa. Picha zake tunazo tele. Sauti yake iko kwenye CD hii moja, wimbo wa nne.

CD ya harusi yangu, tena. Mchana ule Baba na wenziwe walipiga fidla na udi barazani na rafiki yao mmoja akarekodi. Nyimbo tatu ni za kundi zima. Wa nne alipiga Baba peke yake, na katikati alisimama akasema kitu. Nakumbuka alisema. Sikumbuki alisema nini. Ndoa ilikufa, CD ikabaki kabatini. Mume nisingemtengenezea mashine.

Na mimi, badala ya kunyamaza, nikamwambia Mama: siku utakayotoka eda, sauti ya kwanza kusikika nyumba hii itakuwa yake. Mdomo wangu huu. Uji aliunywa.

Jumatano, 30 Julai

Kiwandani Changamwe siku nzima, nikitengeneza mashine za watu wengine. Mkono uko kwenye paneli, akili iko nyumbani. Msimamizi ameniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nimesema kichwa.

Kaka Athumani amepiga simu kutoka Likoni. Anashauri tena CD ipelekwe Nairobi kwa wataalamu. Nimemkumbusha kwamba nilishaipeleka kwa mtaalamu mjini. Kompyuta yake iliizungusha kwa kasi mpaka ikanuka, halafu ikaitema. Kijana akaniambia, tupa hiyo, mama. Kompyuta ina pupa. Haisubiri. Mashine yangu ni ya polepole na ndiyo faida yake.

Kaka akasema sawa, lakini kwa sauti ile ya mtu ambaye hajakubali. Nimekasirika mpaka jioni.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimekwenda mtaa wa Ziwa la Ng'ombe asubuhi, kwa Kahindi. Anauza redio zilizokufa na vyuma vikuukuu, vingi vinatoka kwa watu wanaookota kwenye dampo la Mwakirunge. Tumejuana zamani. Aliponiona alisema leo dada amekuja na uso wa kudai. Nikamwambia nadai transfoma mbili, volti ndogo, zenye uzito wa tofali.

Tumefukua rundo pamoja. Nimetoka na moja, kutoka kwenye amplifaya ambayo imewahi kuishi ndani ya maji. Nimeipima pale pale kwa mita, waya zake zote zinaongea. Nzuri. Ya pili hakuwa nayo. Ameahidi kuniwekea Jumamosi ijayo.

Nimerudi nayo kwapani kama mtoto. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilikuwa na njaa.

Jumapili, 3 Agosti

Nimelehemu tangu asubuhi. Transfoma, dayodi nne, kapasita mbili zenye ukubwa wa kopo la maziwa, na kile kidude cha miguu mitatu cha kushikilia volti zisipande zisishuke. Hii itakuwa ya leza na bodi. Mota bado iko kwenye kile cha dikoda kwa sasa.

Nimewasha. Volti zimesimama wima. Hazitikisiki hata nikigonga meza. Nikakaa tu nikiitazama mita, furaha ya kijinga.

Kisha Mama akasema kutoka ndani, "Salma, wafuga nyuki?"

Kumbe transfoma inaunguruma. Mimi na hedifoni zangu sikusikia. Yeye, nyuma ya pazia, nyumba kimya tangu Idi, anasikia mpaka mchwa wakila mlango. Nimekata ndara zangu za zamani nikaweka vipande vya mpira chini ya transfoma, nikaifunga upya. Nikamuuliza sasa je. Akasema nyuki wamelala, lakini wako.

Ametania. Sijui mara ya mwisho ilikuwa lini.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeijaribu CD halisi kwa dakika moja. Sikutakiwa. Nilijiwekea sharti kwamba hadi umeme wote ukamilike nitatumia CD mbovu nyingine, yenye mikwaruzo, ya majaribio. Nimevunja sharti langu mwenyewe kwa sababu nimeshindwa kungoja.

Imesonga mbele kidogo. Fidla imepiga zaidi ya mara zote za nyuma. Halafu mota ikavuta, krr. Nilipoitoa, chembe ya fedha imebaki kwenye kidole changu. Inang'aa. Ndogo kuliko punje ya mchele.

Basi. Haiingii tena mle mpaka siku yenyewe. Nimeifunga ndani ya kanga nikaiweka juu ya kabati.

Ijumaa, 8 Agosti

Kaka Athumani amekuja baada ya swala. Tumepanga siku ya Mama kutoka eda. Nilishaizungushia duara kwenye kalenda ya kiwandani, Jumanne tarehe kumi na tisa, na ruhusa nimeomba. Kaka atawaambia jamaa. Pilau, dua, udi wa kufukiza, Mama avae nguo mpya.

Kisha tukagombana. Aliona meza. Akasema nimeigeuza nyumba ya msiba kuwa karakana. Akasema nimemtia Mama matumaini na ikishindikana Mama ndiye atakayempoteza Baba mara ya pili, si mimi. Nikamwambia anayeogopa ni yeye. Nikamwambia mengine pia ambayo sitayaandika.

Tumenong'onezana ugomvi wote ule ili Mama asisikie. Atakuwa amesikia.

Alipokwenda nimekaa. Mbaya zaidi ni kwamba amesema kweli. Kama leza itakosa, Mama atasikia krr. Huo ndio utakuwa ukumbusho wake.

Watu wanaokuja kumpa pole bado wanamwita Mama Athumani. Majirani, shangazi, imamu. Sisi tunamwita Mama. Baba peke yake ndiye aliyekuwa akimwita Mwanaidi. Leo nimeliwaza jina hilo, nikagundua kwamba tangu kiharusi hakuna mtu aliyelitamka humu ndani.

Jumamosi, 9 Agosti

Kahindi hana. Watu wake wa Mwakirunge hawakuleta kitu wiki hii, wallahi, aliapa huku akinionyesha mikono mitupu. Jumamosi ijayo, bila kukosa. Nimehesabu. Tarehe kumi na sita nachukua, kumi na saba nalehemu, kumi na nane najaribu kwa CD mbovu. Inatosha. Inabana lakini inatosha.

Pia nimeagiza mjini kidude cha kunakili wimbo moja kwa moja kwa waya, tarakimu kwa tarakimu, bila kelele ya nje. Duka limesema Jumatatu ya kumi na nane. Nataka nakala safi kabisa. Kama CD itakufa, ife ikiwa imeshasema.

Nimelala mchana. Nimeota naviringisha waya usiokwisha.

Jumapili, 10 Agosti

Mungu wangu.

Nilikuwa nikimkunjia Mama nguo. Nikamwambia ajitayarishe, wiki ijayo Jumanne tutakuwa na wageni. Akaniuliza wageni wa nini. Nikasema siku yako ya kutoka. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nilipoleta ripoti mbaya ya shule.

"Mimi ndiye nikaaye eda, wewe wahisabu kwa kalenda ya nani? Mwezi hauandami kwa amri ya kiwanda chenu. Mimi natoka Ijumaa."

Eda ni miezi minne na siku kumi, na miezi ni ya kuandama. Hilo tunafundishwa chuo cha Kurani tukiwa na meno ya utoto. Na mimi, mjuzi wa volti, nimehesabu Aprili, Mei, Juni, Julai. Miezi ya mwandamo ni mifupi. Kila mmoja umeniibia siku, kimyakimya, na mimi sijainua kichwa dirishani hata mara moja. Mama alikuwa akiuona kila unapoandama, kutoka kitandani kwake. Alidhani sote tunauona.

Ijumaa hii. Si Jumanne ile.

Transfoma ya Kahindi inakuja Jumamosi. Kidude cha kunakili kinakuja Jumatatu. Vyote baada.

Nimempigia Kaka. Akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema na yeye hakuwaza, alichukua hesabu yangu. Amesema atawapigia jamaa wote upya. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nilimuuliza Mama kama tunaweza kuiweka ile sauti mpaka Jumanne. Akaichukua nguo mkononi mwangu, akaikunja mwenyewe. Basi nimejibiwa.

Jumanne, 12 Agosti

Baada ya kazi nimepita maduka ya redio mpaka miguu ikavimba. Zipo zile nyepesi za plastiki, kama ile ile ninayoikimbia. Mwenye duka mmoja ameniambia transfoma nzito ni za makumbusho.

Siwezi kula. Mama ameniletea chai mpaka mezani. Amesimama nyuma yangu akitazama nyaya, kisha akarudi chumbani.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeipata. Nilikuwa nikitoka asubuhi kwenda kazini, jirani yetu Mutua akiwasha pikipiki yake ya bodaboda. Inawaka mara moja, ngrr, taa haififii. Nikasimama pale langoni kama mjinga.

Betri. Betri haina ugomvi na mtu. Haijui transfoma, haijui laini ya mtaa, haiungurumi. Mota ikivuta itavuta kwenye betri peke yake, na leza itabaki na transfoma yake bila kujua lolote. Sikukiwaza kitu kilicho mbele ya mlango wangu kwa sababu nilikuwa nimekaza shingo kwenye chuma.

Nimemwomba Mutua aniazime Ijumaa. Ametoka Ukambani na Kiswahili chake ni cha Nairobi, mama kwake ni mathe, lakini roho yake nyeupe. Nimemweleza kwamba ni kwa ajili ya sauti ya marehemu Baba. Yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka Baba hospitali kwa pikipiki, polepole. Akakuna kichwa. "Chukua tu, mathe. Lakini saa kumi niko na kazi, unirudishie."

Jioni nimelehemu kidude kingine cha kushusha volti za betri zilingane na mota. Lehemu imetoka safi.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo ilikuwa siku ya majaribio. Mutua alinipa betri kwa saa moja, alfajiri, kabla hajaanza kazi.

Stima imekatika alfajiri hiyo hiyo.

Leza iko kwenye transfoma, transfoma iko ukutani, ukuta umekufa. Nimekaa na betri mapajani mpaka saa ikaisha, nikairudisha. Stima imerudi alasiri, Mutua yuko njiani na abiria.

Kwa hiyo sijajaribu. Kesho itawaka kwa mara ya kwanza mbele ya Mama. Nilivyojifunza kazi hii, mtu hafanyi hivyo. Hafanyi kabisa.

Nimesali vizuri kuliko kawaida.

Ijumaa, 15 Agosti

Asubuhi wanawake walikuja. Mama alioga, akavaa dera jipya la kijani, shangazi akampaka mafuta, wakamfukiza udi. Nyumba ikanuka kama nyumba tena. Dua ikasomwa, pilau ikaliwa. Mama aliketi sebuleni katikati ya watu na alionekana mdogo kuliko ninavyomkumbuka. Sikumeza chochote.

Wageni waliondoka baada ya swala ya Ijumaa, mmoja mmoja, kila mmoja na maneno yake mlangoni. Nilitaka kuwasukuma. Kaka Athumani alibaki. Alinisaidia kuibeba mashine hadi sebuleni, nikafunga betri ya Mutua, nikaunganisha spika. Kidude cha kunakili hakipo, basi nikaweka simu yangu mezani, nikaiambia irekodi. Kupitia hewani, na kelele zote za dunia. Bora kuliko hewa tupu.

Mlango wa barazani ulikuwa wazi kwa ajili ya moshi wa udi. Kuku wa jirani wanazunguka nje.

Nimeitoa CD kwenye kanga. Nimeiweka. Nimeenda moja kwa moja kwenye wimbo wa nne.

Fidla ikaanza. Sijaisikia kwenye spika humu ndani tangu nilipokuwa bibi harusi. Kaka akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa nikitazama mota, si watu. Ikapita pale pale pa krr. Ikapita. Taa ya dari ikafifia, mtu mtaani amewasha kitu kikubwa, nikafumba macho nikingoja. Mota haikujua. Leza haikujua. Fidla ikaendelea.

Kisha fidla ikasimama, upinde ukagonga mbao, na Baba akaita. Si kwa kipaza sauti, kwa pembeni, sauti ya mtu aliye nyumbani kwake na amekereka kidogo.

"Mwanaidi! Mwanaidi wee! Hebu nifungie mlango huo, kuku waingia."

"Abee," Mama akasema.

Na akainuka. Akavuka sebule na dera lake jipya, akaenda mlangoni, akawafukuza kuku kwa upindo wa nguo, akaufunga mlango, akatia komeo. Alirudi akakaa pale pale. Baba akasema, "Haya," kwenye spika. Akapiga wimbo mpaka mwisho.

Hakuna aliyegusa kitu. CD ilizunguka kimya mpaka ikasimama yenyewe.

Halafu Mutua akagonga mlango akiuliza betri, na Kaka Athumani, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, akalia kwa sauti. Mimi nilienda kufungua. Nilimpa Mutua sahani ya pilau pamoja na betri yake.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimechelewa kuamka. Hakuna aliyeniamsha.

CD haisomeki tena. Nimejaribu mara moja tu, wimbo wa kwanza, haikuutambua. Sikukasirika. Nimeirudisha ndani ya kanga.

Kahindi amepiga. Transfoma imefika, nzito, amesema nitaipenda. Nitaifuata wiki ijayo, haraka imekwisha.

Kaka alilala hapa. Asubuhi tumeisikiliza ile ya simu. Kelele tupu. Feni, jogoo, kikohozi cha Kaka mwenyewe, kijiko cha mtu jikoni. Baba anaita, Mama anaitika, unasikia hatua zake, kuku wanalalamika, komeo. Kaka ana rafiki mwenye kompyuta anayeweza kuondoa vyote hivyo abaki Baba peke yake. Nimesema hapana. Hakubisha.

Alasiri Mama alikuwa barazani akichambua mchele, mara ya kwanza kukaa nje tangu Idi. Akauliza kama ile ya kwenye simu inaweza kusikilizwa kidogo. Tukaingia ndani nikaiweka mezani.

Baba akaita. Kwenye simu Mama akaitika. Mama aliyeketi karibu yangu aliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Mlango alikuwa ameshaufunga tulipokuwa tukiingia.